Mboga za Kienyeji: Faida Inayomwagwa na Maji

Mkaazi wa Kisumu hahitaji kusafiri mbali wala kuwa na pesa nyingi ili apate chakula cha kulinda afya yake. Ukipita soko la Kibuye siku ya Jumapili, au ukisimama Ahero, Katito, Kombewa ama Kiboswa, utakuta mafungu ya osuga, dek, apoth, boo, ododo, mitoo na susa yamepangwa juu ya magunia. Kando yake kuna maembe, mapera, mapapai, ndizi, parachichi na njugu karanga za kupimwa kwa mkebe.

Hata hivyo, zahanati zetu zingali zinapokea watoto na kina mama wajawazito waliopungukiwa na damu. Sababu ni nyingi, na baadhi yake hazihusiani na chakula. Lakini iko moja ambayo kila nyumba inaweza kuirekebisha kuanzia mlo wa leo jioni, nayo ni jinsi tunavyoosha, tunavyopika na tunavyohifadhi vyakula hivi. Mara nyingi mboga hununuliwa ikiwa na faida zake zote, kisha faida hizo zikamwagwa na maji jikoni. Somo la toleo hili linaeleza faida hizo ni zipi, na jinsi ya kuzifikisha mwilini.

Mboga moja, majina mengi

Kwa kuwa kaunti yetu ina watu wa lugha mbalimbali, tuanze kwa kuelewana. Osuga ndiyo managu. Dek ni saga. Apoth ni mrenda. Boo ni majani ya kunde. Ododo ni mchicha, ambao wengine huuita terere. Mitoo ni miro, na susa ni majani ya malenge.

Kwa miaka mingi mboga hizi zilidharauliwa. Wengine waliziita chakula cha maskini, na wakulima wakazing'oa kama magugu ili wapande kabeji. Mmoja wa waliosaidia kubadilisha fikira hizo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtafiti wa kilimo cha mboga aliyewahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Kwa miaka mingi amechunguza mbegu, ukuzaji na lishe ya mboga za kiafrika. Mnamo Desemba 2021, shirika la UNESCO liliziingiza juhudi za Kenya za kukuza vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi wa jamii.

Heshima hiyo ina msingi. Kwa jumla, majani yenye rangi ya kijani kilichokoza yana madini ya chuma, asidi ya foliki na viini vya vitamini A kwa wingi kuliko kabeji nyeupe. Hii haina maana kwamba kabeji haifai, wala kwamba sukuma wiki iachwe. Sukuma wiki nayo ni jani la kijani, na ni nzuri. Ushauri ni kuchanganya na kubadilisha, ili wiki isipite kwa mboga ya aina moja.

Damu na wezi wake

Chembechembe nyekundu za damu huhitaji madini ya chuma ili zibebe hewa safi ya oksijeni kutoka mapafuni hadi sehemu zote za mwili. Chuma kikipungua, mtu huchoka haraka, hupumua kwa shida akipanda kilima, na viganja na ndani ya kope hupauka. Mtoto hudhoofika na kushindwa kufuata masomo. Mama anayejifungua akiwa na upungufu wa damu huwa hatarini zaidi akitokwa na damu nyingi.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tuna wezi wengi wa damu. Wa kwanza ni malaria, ambayo huharibu chembechembe nyekundu, na eneo la ziwa ndilo lenye malaria nyingi zaidi nchini. Wa pili ni minyoo ya safura. Wa tatu ni kichocho cha tumbo, ambacho watu hukipata wanapooga, kufua au kuvua katika maji yenye konokono wanaobeba vimelea vyake. Kuna pia ugonjwa wa kurithi wa selimundu, yaani sikoseli, unaopatikana katika jamii nyingi za ukanda huu.

Kwa sababu hiyo, tuelewane mapema. Mtoto aliyepauka hatibiwi kwa osuga peke yake. Apelekwe zahanati apimwe, ijulikane mwizi ni nani, atibiwe, kisha chakula kisaidie kurudisha na kulinda damu yake.

Chuma kilicho katika majani kina tabia moja muhimu: mwili huchukua sehemu ndogo tu ya kile kinacholiwa. Sehemu hiyo huongezeka kukiwa na wasaidizi wawili. Msaidizi wa kwanza ni vitamini C. Kamulia ndimu juu ya mboga iliyokwisha kuiva, kata nyanya mbichi pembeni, au kula pera ama chungwa baada ya mlo. Msaidizi wa pili ni samaki au nyama, hata ikiwa kidogo. Hapa omena wetu ana kazi mbili, kwa maana husaidia chuma cha mboga kuingia mwilini na, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, hutupatia kalsiamu ya kujenga mifupa na meno.

Chuma kina adui pia, naye ni chai. Chai ya majani na kahawa vina viambato vinavyokishika chuma na kukizuia kuingia katika damu. Anayekula ugali kwa dek na kuteremshia na kikombe cha chai hupoteza sehemu kubwa ya faida. Chai isikatazwe, ila isubiri angalau saa moja baada ya chakula.

Kina mama wajawazito na asidi ya foliki

Neno foliki limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Jina hilo linatosha kuonyesha inakopatikana: katika majani ya kijani, na vilevile katika kunde, maharagwe na njugu. Asidi ya foliki husaidia kutengeneza damu, na katika ujauzito husaidia kuujenga uti wa mgongo na ubongo wa mtoto.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni wakati. Mfereji unaokuwa uti wa mgongo na ubongo hufungika katika wiki nne za kwanza baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Usipofungika vyema, mtoto anaweza kuzaliwa na tatizo la mgongo wazi. Ndiyo maana mwanamke anayepanga kupata mtoto aanze kula majani ya kijani na kunde mapema, na aulize wahudumu wa afya kuhusu tembe za foliki bila kungoja tumbo lionekane.

Mara ajuapo kuwa mjamzito, aende kliniki mapema. Huko hupewa tembe za kila siku zenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Baadhi ya kina mama huziacha kwa sababu ya kichefuchefu au kufunga choo. Kuzimeza pamoja na chakula au wakati wa kulala hupunguza kichefuchefu. Matunda, mboga na maji ya kutosha husaidia choo. Mboga hufanya kazi pamoja na tembe, wala haichukui nafasi yake.

Rangi ya chungwa na macho ya mtoto

Maembe mabivu, mapapai, malenge, karoti na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Majani ya kijani nayo yanacho, ila rangi ya kijani huificha ile ya chungwa. Vitamini A hulinda macho na huupa mwili wa mtoto nguvu ya kupigana na magonjwa kama surua na kuhara. Mtoto anayekosa vitamini hii hushindwa kuona giza linapoingia, na hali ikizidi anaweza kupofuka.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina historia inayogusa Afrika Mashariki. Mwaka 2016, Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa wanasayansi wanne, wakiwemo Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade wa Cape Verde na Jan Low wa Marekani, kwa kazi ya kukuza na kueneza viazi hivyo. Mtoto wa umri wa chekechea akila kiazi kimoja cha wastani, takriban gramu 125 kikiwa kimechemshwa, anaweza kupata vitamini A anayohitaji kwa siku. Aina kama Kabode na Vita hulimwa hapa magharibi mwa Kenya.

Vitamini A hupita katika mafuta, kwa hivyo majani yaliyochemshwa kwa maji matupu hayaitoi vyema. Kijiko cha mafuta ya kupikia, maziwa, njugu iliyosagwa au kipande cha parachichi kinatosha. Wazee waliochanganya osuga na maziwa, au mitoo na njugu, walikuwa na ladha na lishe kwa pamoja. Tukumbuke pia kwamba watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita katika vituo vya afya.

Mahali faida inapomwagika

Sasa tuingie jikoni. Haya ndiyo makosa matano yanayotupotezea faida ya mboga.

1. Kukata kwanza, kuosha baadaye. Vitamini C na asidi ya foliki huyeyuka katika maji. Jani likishakatwa, maji huzitoa kwa urahisi. Osha majani yakiwa mazima, kwa maji safi yanayotiririka au yaliyotiwa dawa, kisha ukate. Usafi huu ni wa lazima hasa kwa mboga zilizonyunyiziwa maji ya mitaro au zilizotoka sehemu zenye mafuriko, kwa maana kipindupindu na homa ya matumbo hupitia huko.

2. Kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga. Haya maji ya kijani tunayomwaga ndiyo yamebeba sehemu kubwa ya vitamini. Tumia maji kidogo, funika sufuria, na mchuzi unaobaki uliwe pamoja na ugali.

3. Kutia magadi. Magadi hulainisha majani na kuyaacha na rangi ya kupendeza, lakini huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B. Tena magadi yana sodiamu, ile ile iliyo katika chumvi, ambayo huongeza shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, takriban kijiko kimoja kidogo cha chai. Apoth na boo huweza kulainika bila magadi zikichumwa zikiwa changa.

4. Kupika muda mrefu na kupasha moto siku nyingi. Majani machanga ya ododo huiva kwa dakika tano hadi kumi. Mitoo na boo huhitaji zaidi kidogo. Mboga ikibaki, pasha moto kiasi kitakacholiwa tu, na si sufuria nzima kila siku.

5. Kuacha mboga juani. Jani likinyauka hupoteza vitamini. Muuzaji aziweke kivulini na kuzinyunyizia maji safi. Mnunuzi achague zilizo imara. Anayekausha mboga kwa ajili ya kiangazi azikaushe kivulini penye hewa, au kwenye kikaushio kilichofunikwa, kwa kuwa jua kali hupunguza vitamini A.

Wengi watauliza: uchungu je? Ni swali la haki, kwa sababu osuga na dek zilizokomaa ni chungu kweli. Dawa ya kwanza ni kuchuma zikiwa changa, kabla hazijatoa maua. Ya pili ni kuchanganya: dek na ododo, au osuga na boo. Ya tatu ni maziwa, kama ilivyo desturi. Uchungu ukizidi, chemsha kwa dakika chache, mwaga maji mara moja tu, kisha uendelee kupika. Kinachoangamiza faida ni kumwaga mara mbili au tatu. Vilevile, matunda mabichi ya osuga yaliyo bado kijani yasiliwe, kwa maana yana sumu.

Njugu: tajiri mwenye adui

Takriban robo ya uzito wa njugu karanga ni protini, na karibu nusu ni mafuta, mengi yakiwa ya aina isiyodhuru moyo. Kwa familia isiyomudu nyama kila siku, konzi moja ya njugu ni msaada mkubwa. Njugu mawe nazo, pamoja na kunde na ndengu, hutoa protini kwa bei nafuu.

Lakini njugu ina adui, naye ni ukungu unaotoa sumukuvu, yaani aflatoksini. Wakenya hawajasahau mwaka 2004, wakati mahindi yenye sumu hii yalipowaumiza watu 317 huko Ukambani, na 125 wakafariki. Njugu hupatwa na sumu hiyo hiyo. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huharibu ini na inaweza kuleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Kupika na kukaanga kwa kawaida hakuimalizi.

Kinga iko mikononi mwetu. Mkulima avune kwa wakati, akaushe njugu juu ya turubai na si juu ya udongo, na azihifadhi katika gunia kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni. Mnunuzi azichambue moja moja na kutupa zilizooza, zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, kwa sababu sumu nyingi hukaa katika njugu chache mbovu. Zilizotupwa wasipewe kuku wala ng'ombe. Njugu ikishasagwa haiwezi kuchambuliwa tena, kwa hivyo ni heri kununua nzima, kuchambua, kisha kusaga mwenyewe au kusagiwa ukiona.

Matunda ya msimu

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, sawa na sehemu tano. Sehemu moja ni kama ndizi moja ya wastani, chungwa moja, au mboga iliyopikwa ya kujaa ngumi. Hakuna haja ya kununua tufaha lililosafirishwa kutoka mbali. Pera la kwetu, kwa uzito sawa, lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya chungwa. Ndizi ina potasiamu inayosaidia kudhibiti shinikizo la damu. Parachichi lina mafuta mazuri. Papai na embe vina viini vya vitamini A.

Tunda liliwe zima badala ya kukamuliwa. Juisi huacha nyuma nyuzinyuzi zinazosaidia choo na kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Hili ni muhimu zaidi kwa wenye kisukari, ambao wanaweza kula tunda, ila kwa kiasi.

Nani awe mwangalifu

Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kabla ya kuongeza ndizi, parachichi na majani, kwa sababu potasiamu ikizidi inaweza kudhuru moyo wake. Anayetumia dawa ya wafarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani anachokula, kwa maana vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima, kwa kuwa inaweza kumkaba. Apewe iliyosagwa. Anayevimba au kuwashwa baada ya kula njugu aziache na aende hospitali. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama pekee.

Sahani ya siku moja

Mfano wa mlo usiohitaji chochote kutoka nje ya kaunti ni huu. Asubuhi, uji na kiazi kitamu cha rangi ya chungwa. Mchana, kunde au ndengu, ugali na parachichi. Alasiri, pera au ndizi, kisha chai kwa anayeipenda. Jioni, ugali, omena, na osuga iliyochanganywa na boo, ikapikwa kwa maji kidogo na njugu iliyosagwa, na kukamuliwa ndimu ikiepuliwa.

Asiye na shamba anaweza kupanda katika gunia lililojazwa udongo na samadi, hata katika ua mdogo wa Manyatta au Nyalenda. Ododo huwa tayari kwa takriban wiki tatu hadi nne. Dek huendelea kutoa majani iwapo maua yake yatakatwa mapema.

Jipime

Baada ya kusoma, jiulize pamoja na jamaa zako:

1. Je, nyumbani tunaosha mboga kabla au baada ya kuikata?
2. Maji ya kuchemshia huenda wapi?
3. Chai hunywewa wakati gani?
4. Njugu tunazokula zilichambuliwa na nani?

Jibu moja likibadilika wiki hii, utakuwa umeongeza lishe mezani bila kuongeza shilingi. Kwa maswali zaidi, zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea kijiji au mtaa wako, au mtaalamu wa lishe katika kituo cha afya kilicho karibu. Kuhusu mbegu na kilimo, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako.